Ukali wa Mwalimu wa Mchezo na Moyo wa Kijana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Mzee mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya Alasiri akatuuliza suala ambalo kwanza tulilidhania kuwa dogo. Anaye mwana wa miaka 16, mchezaji wa mpira, mwepesi wa mbio, ambaye tangu utoto wake alikuwa halali ila gozi liko chini ya kitanda chake. Akaingizwa katika timu ya vijana ambayo mwalimu wake ana sifa ya kutwaa makombe. Haikutimia miezi minane, kijana akawa kila siku ya mazoezi hushikwa na tumbo. Siku ya mashindano hali chakula. Akiitwa jina lake kwa sauti, hata na mama yake, hushtuka. Kisha jioni moja akalichukua gozi lake akampa mtoto wa jirani, wala hakusema neno. Baba akaenda kwa mwalimu kutaka sababu. Akajibiwa kwamba mwanawe ni mlegevu, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuwafanya watoto wawe wanaume. Basi mzee akatuuliza: “Je, nimrejeshe kwa nguvu, kwa kuwa mwalimu ni kama mzazi na kumtii ni wajibu? Au nimwache, nami nikiogopa kwamba akizoea kukimbia jambo moja atakimbia yote?”

Wako watakaosema kwamba mpira ni upuuzi, na aliyeuacha ameacha upuuzi. Hawa hatutakaa nao sana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, na aliwapitisha farasi katika mashindano hapo Madina. Mchezo wa kutia mwili nguvu, usiopoteza sala wala kufunua uchi wala kutia kamari, ni mubaha, na ukinuiwa vyema huenda ukawa na thawabu. Lakini hata mtu asiyeupenda mpira imempasa kulitazama suala hili, kwa sababu lililomtoka kijana yule si gozi tu.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichungua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2010 watafiti watatu waliokuwa Uingereza, Kimberley Bartholomew, Nikos Ntoumanis na Cecilie Thøgersen-Ntoumani, walitunga kipimo cha kumjua mwalimu wa mchezo anayewatawala wachezaji wake, wakayagawa matendo yake kwa mafungu manne. La kwanza ni kuitumia zawadi na sifa kama kamba ya kumvutia mtu: fanya nitakalo, ndipo nikusifu. La pili ni kumnyima mchezaji uso na maneno pindi anapokosea, akawa kama hayuko, mpaka atakapofanya vyema tena. La tatu ni kutisha, kupiga kelele na kufedhehesha mbele ya wenziwe. La nne ni kujiingiza katika mambo ya mtu yasiyohusu uwanja, kama kumpangia marafiki zake na mapumziko yake na kila saa ya siku yake.

Msomaji ataona kwamba katika hayo manne, moja tu ndilo watu wa kwetu huliita ukali. Ndiyo maana baba huweza kukaa ukingoni mwa uwanja mwaka mzima asione kitu. Hakusikia matusi wala hakuona fimbo. Hakujua kwamba mwanawe alikosa bao siku ya Ijumaa, na tangu Ijumaa hiyo mpaka ya pili mwalimu hakumwitikia salamu. Nasi twasema kwamba hilo la kununa ni baya kuliko makelele. Makelele hukoma, na huenda yakafuatwa na kicheko. Lakini mtoto anayenuniwa hujifunza kwamba yeye mwenyewe hana thamani, na kwamba thamani yake imo mguuni mwake tu.

Kwa nini matendo haya yaue hamu? Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani wameijenga elimu yao juu ya haja tatu za nafsi ya mwanadamu: aone kwamba alifanyalo latoka kwake kwa khiyari yake, aone kwamba analiweza, na aone kwamba anapendwa na wale alio nao. Mtu akitimiziwa haya hufanya kazi ngumu bila ya kusukumwa. Akizibiwa, huendelea kwa khofu au kwa haya au kwa tamaa, na siku khofu ikiondoka naye huondoka.

Iko khabari ndogo inayolifahamisha jambo hili. Mwaka 1973 huko Marekani wataalamu watatu, Lepper, Greene na Nisbett, waliwaendea watoto wadogo wa skuli waliokuwa wakipenda kuchora picha. Baadhi yao waliahidiwa tangu mwanzo kwamba wakichora watapata hati nzuri ya zawadi. Wengine walichora kwanza, kisha wakapewa hati bila ya kuitarajia. Wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili watoto wakaachwa wacheze wapendavyo. Wale walioahidiwa wakawa huchora kidogo kuliko wenziwao. Wale waliopewa ghafula hawakupungua hamu. Basi haikuwa hati iliyowadhuru, bali sharti iliyofungwa nayo. Mtoto aliyekuwa akichora kwa kupenda alikwisha kufundishwa kwamba kuchora ni kazi ya kutafutia hati.

Sisi Waislamu hatukuwa na haja ya kungoja mwaka 1973 ili kuijua khabari ya niya. Qurani inapowaeleza wanafiki wanavyosimama kusali, imezitaja sifa mbili pamoja: kwamba husimama kwa uvivu, na kwamba hutaka waonekane na watu. Zitazame sifa hizi mbili namna zilivyoshikana. Mtu ambaye kichwani mwake yumo mtazamaji, mwili wake huwa mzito. Hatusemi kwamba mpira ni sala, wala kwamba kijana apendaye mchezo wake ndiye mwenye ikhlasi. Ikhlasi ni kumkusudia Mwenyezi Mungu, na hao wataalamu wanazungumza juu ya kuridhika kwa nafsi, nalo ni jambo jingine. Walakin katika hili wamekutana nasi: tendo linalotolewa mtu kwa kubanwa halina mizizi ndani yake.

Na madhara hayakomi katika kuacha mchezo. Mwaka 2011 watafiti wale wa Uingereza walitoa uchunguzi mwingine, wakaona kwamba wachezaji wanaohisi kuzibiwa zile haja tatu huelekea zaidi kwenye huzuni ya moyo, kuchoka roho, na kuharibikiwa katika mambo ya kula. Mwaka 2019 mkimbiaji wa Marekani, Mary Cain, ambaye mwaka 2013 akiwa na miaka 17 alifika fainali ya mbio za mita 1500 katika mashindano ya dunia huko Moscow, alilieleza gazeti la New York Times yaliyompata alipokuwa chini ya mwalimu mashuhuri. Alisema kwamba alilazimishwa kupungua uzito, akapimwa mbele ya wenziwe na kuaibishwa, mpaka ada yake ya mwezi ikakatika kwa miaka mitatu na mifupa yake mitano ikavunjika, na fikira za kujidhuru zikamjia. Mwalimu huyo aliyakanusha maneno hayo. Mkimbiaji yule, kila alipopunguzwa, alizidi kuwa mzito katika mbio.

Huko Japani, katika mwezi wa Desemba 2012, kijana wa miaka 17, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya skuli moja mjini Osaka, alijiua baada ya kupigwa mara nyingi na mwalimu wake wa mchezo. Mwaka 2013 mahakama ikamtia mwalimu huyo hatiani. Katika mwaka uo huo ikajulikana kwamba wanawake 15 wa timu ya taifa ya judo ya nchi hiyo walikuwa wamemshitaki mwalimu wao kwa kupigwa na kutukanwa, naye akajiuzulu. Twaitaja Japani kwa sababu watu wa kule, kama watu wa kwetu, walikuwa na dhana ya zamani kwamba kipigo cha mwalimu ni mapenzi. Mpaka mtoto alipokufa ndipo nchi nzima ikakaa kujiuliza.

Hapa msomaji mmoja atainuka na hoja yake, nayo ni hoja ya haki. Atasema: “Je, Mtume hakuamrisha kwamba mtoto apigwe kwa ajili ya sala atimizapo miaka 10?” Twajibu: hadithi hiyo imeanza na miaka 7, mtoto aamrishwe, na kati ya 7 na 10 iko miaka mitatu ya kufundisha na kukumbusha siku kwa siku mara tano. Na wanazuoni wameiwekea mipaka: isiwe usoni, wala isijeruhi, wala isitoke katika hasira ya mpigaji. Kisha tazama ni jambo gani: ni sala, nguzo ya dini, faradhi ya Mwenyezi Mungu, na mwenye kuamrishwa ni mzazi. Mpira ni mubaha, na mwalimu wake si walii wa mtoto. Kutoa hukumu ya faradhi ukaipachika juu ya mubaha, na haki ya mzazi ukaitia mkononi mwa mtu wa uwanjani, si kiasi sahihi. Huko ni kuitumia dini kufunikia hasira.

Na mwenye kutaka kiasi sahihi cha mwalimu na timu iliyoshindwa, basi na aitazame vita vya Uhud katika mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume mwenyewe alipendelea wakae Madina wawangojee maadui humo. Akawashauri masahaba, na wengi, khasa vijana ambao hawakuhudhuria Badr, wakataka kutoka. Akawafuata. Akawaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdallah bin Jubeir, akawakataza wasiondoke kwa hali yoyote. Ushindi ulipoonekana, wengi wao wakashuka kukimbilia ngawira, na maadui wakawajia kwa nyuma. Waislamu 70 wakauawa, na miongoni mwao Hamza, ami yake Mtume. Jino lake Mtume likavunjika na uso wake ukatoka damu.

Fikiri, ndugu yangu. Hapa haikukosekana bao. Hapa ilivunjwa amri iliyo wazi, na watu wakafa. Lau pangalikuwa na siku ya ukali, siku hiyo ingalikuwa ndiyo. Na ni baada ya siku hiyo ndipo zilipoteremka aya za Sura ya Aali Imran zinazomwambia Mtume kwamba ni kwa rehema ya Mola wake amekuwa laini kwao, na kwamba lau angalikuwa mkali mwenye moyo mgumu wangalitawanyika wakamwacha. Kisha akaamrishwa mambo matatu: awasamehe, awaombee msamaha, na awashauri katika mambo. Hili la tatu ndilo linalotushangaza kila tunapolisoma. Ushauri wenyewe ndio uliowatoa Madina! Mtu wa kawaida angalisema, sitawauliza tena neno maisha yangu. Mwenyezi Mungu akamwambia, waulize. Maana mtu aliyekosea akiondolewa katika shauri amekwisha kufanywa chombo, na chombo hakitubu wala hakijifunzi. Na wale waliobaki ndio hao waliochimba handaki naye katika vita vya Khandak mwaka wa 5, kwa njaa na baridi, wala hawakutawanyika.

Wala tusidhani kwamba ulaini huu ni kuachilia. Amri ya kilimani ilibaki kuwa amri, na kosa likatajwa katika Qurani kwa jina lake. Hata wataalamu wa sasa wamelibainisha hili. Geneviève Mageau na Robert Vallerand wa Kanada, walipoeleza mwaka 2003 sifa za mwalimu anayemkuza mchezaji, hawakusema kwamba aondoe kanuni. Walisema ampe khiyari ndani ya mipaka, amweleze sababu ya kazi anayompa, azijali hisia zake, na ampe nafasi ya kuanzisha jambo mwenyewe. Mwalimu akisema, “Njooni saa kumi kamili, na atakayechelewa hatacheza Jumapili, kwa sababu wenziwe wanamngoja,” huyo ana nidhamu. Akisema, “Atakayechelewa nitamwonyesha yeye ni nani,” huyo anajitafutia enzi.

Katika mashindano ya farasi wa Madina tuliyoyataja, farasi waliofanyizwa mazoezi walipewa masafa kutoka Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, na wale wasiofanyizwa wakapewa masafa mafupi, kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zureik. Mnyama hakutwishwa asichokiweza kisha akatukanwa kwa kushindwa. Na Mtume alipowakuta watu wa kabila la Aslam wanashindana kwa mishale, akawatia moyo na kusema kwamba yeye yu pamoja na kundi mojawapo, la pili likasita. Akawauliza sababu. Wakajibu, tutapigaje nawe u pamoja nao? Akawaambia wapige, yeye yu pamoja nao wote. Linganisha na yule asiyeitikia salamu kwa sababu ya bao.

Tumekwisha kusikia jawabu ya wenye makombe: “Lakini hushinda.” Ndiyo, baadhi yao hushinda, hatutasema uongo ili hoja yetu ipendeze. Khofu humtimua mtu mbio, kama vile moto unavyomtimua. Lakini kombe limo kabatini likiangaliwa na wote, na wale vijana 30 walioacha njiani hawamo katika kabati lolote, wala hakuna awahesabuye. Ibn Khaldun katika Mukaddima yake, aliyoimaliza mwaka 1377, ameandika mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi. Ameeleza kwamba anayelelewa kwa mabavu nafsi yake hubanika na uchangamfu wake huondoka, na huvutwa kwenye uvivu, uongo na hila, akidhihirisha yasiyo moyoni mwake kwa kuogopa mkono, mpaka hila ikawa ndiyo tabia yake. Tumbo lile la kila siku ya mazoezi ndilo hilo hasa. Huenda lilianza kwa hila, kisha likawa maradhi ya kweli. Hata kijana mwenyewe asingeweza kukwambia ni siku gani liligeuka. Na katika mlango huo amesimulia wasia wa Harun Rashid kwa mwalimu wa mwanawe Amin: asimhuzunishe mtoto mpaka akauua ubongo wake, wala asimlegezee mpaka akaona tamu uvivu, amnyoshe kwa ukaribu na upole kadiri awezavyo, na akikataa ndipo atumie ukali. Ukali haukufutwa, basi, ila umewekwa mwisho. Nasi tumeuweka mwanzo.

Sasa tumjibu mzee wetu. Kumrejesha kijana kwa nguvu hatukuoni kuwa ni sawa. Utiifu ambao sharia imeuwajibisha una mipaka yake, na mwalimu wa mpira hana katika mwana wako ila saa alizokubaliwa na kazi iliyokubaliwa. Akimwamuru kula mchana wa Ramadhani bila ya udhuru, au kuiacha Magharibi mpaka ipite, hatiiwi. Kiumbe hatiiwi katika kumuasi Muumba. Na akimfedhehesha kwa ajili ya makosa ya mguu, baba ana haki ya kumtoa, nasi twaona ana wajibu, maana Mwenyezi Mungu hatamuuliza mwalimu peke yake kuhusu amana hii.

Ama khofu yako kwamba atazoea kukimbia, hiyo haimfai kijana huyu. Kukimbia ni kwa anayeacha alipendalo kwa sababu ya taabu yake, naye taabu ya mbio alikuwa akiitafuta mwenyewe alfajiri na mapema. Muulize, kwa utulivu, pasipo watu. Usimuulize kwa nini aliacha, maana atalisikia kama mashitaka. Muulize alikuwa akipenda nini katika mchezo ule alipokuwa mdogo. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10, naye amesimulia kwamba hakuambiwa hata siku moja, kwa nini umefanya hivi, au kwa nini hukufanya vile. Akitaka kucheza tena, mtafutie timu ya mtaani isiyo na sifa. Asipotaka, basi, miguu ni yake.

Na ukikutana na mwalimu yule, mpe salamu hata asipoitika. Huenda naye alifundishwa hivyo hivyo na mwingine kabla yake, na khofu ya kushindwa imemkaba koo, kwa kuwa wenye timu nao humnunia yeye wiki nzima akikosa kombe. Ukipata nafasi msimulie khabari ya Adhbaa, ngamia wa Mtume, aliyekuwa hapitwi katika mbio. Akaja bedui juu ya kijana cha ngamia wake akampita. Masahaba wakahuzunika sana. Mtume akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakiinui kitu cha dunia ila hukiteremsha. Wala hatukupokea kwamba Adhbaa alipigwa siku hiyo.

Wassalaam.